Kifaru cha Bupe Chavaa Faiba

Kila alipotoka shule, Bupe alipitia karakana ya mjomba wake, Yotamu, pale Iyunga. Mjomba alikuwa fundi wa kuziba bampa za mabasi kwa faiba, na Bupe alikuwa fundi wa kuuliza maswali.

"Mjomba, kitambaa hiki cha faiba, laini hivi, kinawezaje kuwa kigumu?"

"Hizo ni nyuzi za kioo, mwanangu. Zikilowa gundi hii zikakauka, hata nyundo inaomba msamaha."

Bupe hakuuliza bure. Alikuwa amekunja karatasi ngumu akaunda kifaru, lile gari la vita lenye mzinga, kwa ajili ya maonyesho ya shule siku ya Ijumaa. Mwaka uliopita ukungu wa Mbeya ulilowesha kifaru chake cha kwanza, mzinga ukainama, na darasa zima likacheka kwamba kimesinzia. Safari hii alitaka kukivika faiba.

Mjomba alikubali, ila kazi ifanyike karakanani, kwa glavu na barakoa. "Na kitambaa hiki hakitoki hapa," alionya.

Haraka haraka haina baraka, lakini Bupe hakuweza kungoja. Alificha kipande ndani ya sweta, akaenda kukikata kwenye kitanda alicholala na mdogo wake, Happy.

Asubuhi Happy alijikuna hadi akalia. Mama alimkagua shingo, akaona vipele vyekundu.

"Huu ni upele. Leo huendi shule, na Jumapili huimbi kwaya. Utawaambukiza wenzako."

Happy alikuwa amefanya mazoezi mwezi mzima. Aliangua kilio upya. Bupe naye aliwashwa, mikono kaificha mifukoni. Jua lilipopiga blanketi, aliona vijiuzi vidogo vikimetameta, akaelewa kila kitu. Roho ilimuuma. Akisema kweli, mama angeweza kukitia kifaru motoni.

"Mama, si upele," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi. Nilikata faiba ya mjomba kitandani."

Mama alishika kiuno, kisha akampigia mjomba simu. Mjomba alikuja na selotepu. Aliibandika taratibu kwenye ngozi ya Happy na kuibandua, ikatoka na nyuzi. Mama akamwosha kwa maji mengi bila kumsugua. Blanketi alilifua Bupe peke yake, kwa glavu, katika baridi ya Julai.

Ijumaa ukungu ulitanda tena. Kifaru, kilichomaliziwa karakanani, kilisimama mzinga juu. Happy alikilinda, akimwambia kila mgeni, "Hiki ndicho kilichoniwasha!"

Mjomba alimshika Bupe bega. "Kuuliza usiache. Ila ukipewa sharti, uliza sababu yake kabla ya kulivunja. Na umefanya vyema kusema kweli. Ungenyamaza, mdogo wako angetibiwa ugonjwa asiokuwa nao."

"Nimekuelewa, mjomba. Sasa, kwa nini gundi ile hupata joto ikikauka?"

Mjomba alicheka. "Njoo kesho karakanani. Glavu kwanza, swali baadaye."