Mgeni wa Saa Nane

Kaoutar aliruka kutoka kwenye pikipiki, Yamaha yake, kabla haijasimama. Hamidou alikuwa ameinama, anageuza ndagala, dagaa wa ziwani, juani.

Bastola ikatoka chini ya mtandio.

"Mukamate!" Hubert, mkuu wake, alinguruma kwenye redio ya Motorola. "Saa moja na nusu sasa. Mtumbwi wa dawa unatoka Nyanza-Lac saa tatu."

Kaoutar alijua. Mdogo wake Mwamini, muuguzi, ndiye aliyekuwa akisindikiza dawa hizo. Mitumbwi mitatu ilikuwa imeshambuliwa tangu Machi 2003, na hakuna muuguzi aliyerudi.

Mtu alikuwa akisoma ratiba kwenye tovuti ya kituo cha afya. Kihesabu kilidai wageni mia nne na kumi na wawili. Upuuzi mtupu! Radjabu, mwenye cyber, aliipanga tovuti ifunguke kila kompyuta inapowashwa, na kila mara ikahesabiwa mgeni. Baada ya shambulio la kwanza, Kaoutar, aliyepewa nywila ya tovuti, alikihamishia kihesabu kwenye ukurasa wa ratiba tu. Akaiondoa mashine yake kwenye hesabu, akaiondoa na ya Radjabu. Siku za mashambulio mawili yaliyofuata alibaki mgeni mmoja: kompyuta namba nne, 8h10.

Daftari la wateja la Radjabu, namba nne, saa 8.10: Hamidou.

"Unatafutaka nini mu cyber?" Kaoutar alimuuliza Hamidou.

"Barua ya mutoto wangu, mama! Iko Kigoma, mu kambi. Naendaka saa munane, nikitoka kuswali adhuhuri."

"Saa munane ya mchana?"

"Kuko ingine? Usiku cyber iko inafungwa!"

Kaoutar alishusha bastola. Aliona aibu hadi masikioni. Kihesabu kilisoma saa za Kifaransa. Radjabu aliandika za Kiswahili. 8h10 ilikuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi.

"Mkuu, si yeye. Peleka askari Gatete."

"Gatete kuna nini?"

"Bado hakuna kitu."

Saa mbili kasorobo alikuwa cyber, daftari mkononi. Namba nne, saa 2.10, siku zote mbili: Ramazani, fundi wa mashine za mitumbwi.

Kwenye ratiba, mahali pa kushushia dawa, alifuta "Rumonge". Akaandika "Gatete". Akaketi namba tatu, ile isiyohesabiwa.

Kihesabu cha leo: 0.

"Amahoro," alisalimia Ramazani, akivuta kiti cha namba nne.

1.

Fundi alitoka nje, Nokia sikioni. "Leo wanashusha Gatete."

Kaoutar alimwacha amalize. Kisha Ramazani akahisi chuma baridi shingoni.

"Amahoro, fundi."

Saa tano, Motorola ilikohoa. "Tumewanasa Gatete," alisema Hubert. "Wote, na bunduki zao."

Saa sita Mwamini alishuka Rumonge na maboksi ya serumu za dripu.

"Dada, unalia?"

"Vumbi la pikipiki."

Kaoutar alipitia cyber. Pembeni ya jina la Hamidou, alilokuwa amelizungushia wino mwekundu, aliandika: *saa za Kiswahili*. Akamrudishia Radjabu daftari, akavaa miwani, akaiwasha Yamaha.