Ukurasa wa Arobaini na Moja

Fundi cherehani na mwalimu wa chuo walianza kwa ugomvi. Duka la kutoa kopi mbele ya geti la chuo lilikuwa limefurika wanafunzi wa wiki ya mitihani, na joto la mashine liliwafanya watu watokwe jasho wakiwa wamesimama tu. Fundi alikuwa kwenye foleni kwa nusu saa, kadi ya kliniki ya mama yake mkononi, pini tatu zimechomekwa kwenye kola ya gauni lake la bluu. Mara kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, akapita pembeni na rundo la karatasi. Mwenye duka akampokea.

"Kaka, sisi tuliosimama hapa ni nguzo?" fundi aliuliza.

Watu wakacheka. Kijana akajitetea kwamba watu wa chuo huwa wanatangulia, ndivyo alivyozoeshwa. Fundi akamwambia aliyemzoesha kutangulia amzoeshe na kurudi nyuma. Akarudi kweli, hadi mkiani, ingawa alikuwa na kipindi, na jambo hilo fundi alilikumbuka siku nzima.

Zile karatasi zilikuwa madodoso. Chuo kilisema kinataka ujirani mwema na mtaa, na mwalimu huyu mgeni ndiye aliyetumwa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanakionaje. Mtaa ukambandika jina la Dodoso. Kwa fundi alifika mara ya kwanza na maswali yake, mara ya pili na kifungo kilichokatika, na baada ya hapo akawa haachi kufika.

"Shati gani linakatika vifungo kila wiki?" fundi alimuuliza kwenye simu.

"Vimependa mkono wako, mpenzi. Mimi nifanyeje?"

"Mwongo wewe. Nimeona alama ya mkasi."

Mama naye akamzoea, akawa anamwekea kiti kabla hajabisha hodi.

Jumapili moja mchana, wakiwa wawili tu kibarazani, fundi alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Baba yake alikuwa mlinzi wa geti la chuo kwa miaka kumi na tisa. Mwaka mmoja baada ya kustaafu alibanwa kifua, na fundi akamkokota hadi pale getini, maana zahanati ya chuo ndiyo ilikuwa karibu. Mlinzi mpya akasema zahanati ni ya wanachuo. Fundi alipoanza kufoka, baba akamshika mkono. "Usimgombeze, mwanangu," alisema. "Mimi mwenyewe nimewarudisha wangapi?" Akakata roho pale pale, kwenye benchi la walinzi. Mama alifika amechelewa, na fundi hakumweleza kamwe maneno yale ya mwisho.

Miezi miwili baadaye chuo kikaita mkutano wa ujirani mwema. Mama alivaa kitenge chake cha zambarau, fundi akakaa naye mstari wa mbele, kifua kimejaa fahari, kwa kuwa kitabu chenye jalada la kijani kilichogawiwa mlangoni kilikuwa na jina la Dodoso kama mwandishi. Naibu mkuu wa chuo akafungua ukurasa wa arobaini na moja, akasoma kwa sauti nzuri: mkazi mmoja, mwanamke, fundi cherehani, binti wa mlinzi wa zamani. Akasoma habari ya benchi. Akasoma na maneno ya baba. Kisha akahitimisha kwamba kumbe hata mwana mtaa aliwafungia majirani zake geti, kwa hiyo lawama ni za pande zote mbili.

Ukumbi mzima ukamgeukia mama. Nyuma, mwanamke mmoja akasema mwanawe alirudishwa na mlinzi huyo huyo.

Fundi akasimama.

"Baba yangu alirudisha watu kwa amri. Ile amri aliiandika nani? Mbona hilo halimo kitabuni?"

Naibu akaweka kipaza sauti mezani. Fundi akamwinua mama yake, wakatoka. Walipofika nyumbani ndipo mama akauliza, "Kwa nini ulimwambia mgeni, mimi ukanificha?" Swali hilo lilimuuma fundi kuliko yote ya ukumbini.

Dodoso alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili fundi akapokea.

"Nilificha jina lako."

"Mtaa huu una mafundi wangapi waliozaliwa na mlinzi wa geti?"

"Nilidhani wakiisoma watafungua zahanati."

"Ulidhani. Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Basi usinipigie tena."

Hakupiga tena. Alikuja kwa miguu, mchana kweupe, fundi akiwa ameenda kununua vitambaa, majirani wakimtazama, akamwomba mama radhi. Mama akamkalisha na kumsomea makosa yake yote. Kisha Dodoso akapita tena nyumba kwa nyumba, safari hii bila karatasi, akitafuta waliowahi kurudishwa getini. Wale waliokubali wakaongozana naye hadi ofisi ya naibu, wakajaa mpaka kwenye korido, wakagoma kutoka. Dodoso akadai mbele yao ukurasa ule uondolewe na zahanati ifunguliwe. Baada ya wiki tatu zahanati ikafunguliwa kwa wote. Vitabu vikakusanywa. Mkataba wa Dodoso haukuongezwa, akapewa mwezi mmoja ahame nyumba ya walimu.

Hayo yote fundi aliyasikia kwa wateja. Mwenyewe alipotokea mlangoni, shati halina pasi, fundi hakuinua macho kwenye cherehani.

"Bado nina hasira nawe."

"Najua."

"Sijui zitaisha lini."

"Nitasubiri."

"Usubirie wapi, huna nyumba? Kwa jirani wa nyuma kuna chumba kinapangishwa. Hamia huko. Mume anayekaa ndani ya geti lile simtaki."

Dodoso akashika fremu ya mlango. "Mume? Na mama atakubali?"

"Kamuulize. Kuuliza ulisahau kwangu tu."

Akavua viatu, akaingia ndani. Fundi akaendelea kukanyaga cherehani kwa nguvu, mshono ukimpindia. Kisha akaacha, apate kusikia mama anasema nini.