Ndoo ya Tano

Jumapili ile ua wetu ulijaa chupa. Zilikuwa mia moja, zimeoshwa, zimepinduliwa zikauke. Jikoni kulikuwa na ndoo tano za bia, niliyoipika mwenyewe kwa kimea na hamira.

Bia ilikuwa ya mdogo wangu. Yeye ni msusi. Kwa miaka tisa alisuka katika saluni za watu wengine. Sasa alikuwa amepata chumba chake mwenyewe, na angekifungua kwa sherehe Jumamosi.

"Dada, wewe niletee bia tu," aliniambia. "Mengine niachie mimi."

Mume wangu ni fundi bomba. Siku yake ya kupumzika ni Jumapili peke yake. Kwa hiyo tulitaka kumaliza kazi yote siku hiyo.

Ndoo nne zilikuwa na wiki tatu. Zilikuwa tayari. Ya tano ilikuwa na siku sita tu. Hiyo tungeiacha. Tarehe nilikuwa nimeziandika kwa chaki, juu ya vifuniko.

Mume wangu akataka kunisaidia. Alivua vifuniko vyote vitano, akavitia kwenye beseni, akavisugua kwa sabuni. Kisha akazisogeza ndoo ili apige deki. Nilipoingia jikoni, chaki yote ilikuwa imekwenda na maji.

"Wewe baba! Sasa ndoo changa ni ipi?"

"Si zote bia, Mama Pacha? Jaza, tumalize."

Nilichungulia ndani. Povu lilikuwa limetulia katika ndoo zote. Nilionja kwa kijiko. Nilipofika ndoo ya tatu, ulimi ulikuwa umechoka. Zote niliziona chungu vilevile.

Nilijua moja haijaiva. Lakini nilikuwa nimechoka, na chupa zilikuwa safi, na mume yuko nyumbani. Nikajaza zote tano. Niliweka na sukari kidogo, ili bia itoe povu. Tulifunga vizibo huku tunataniana. Nikikumbuka vicheko vile, najichukia.

Ijumaa mdogo wangu alikuja kuchukua kreti zake. Alitoa chupa moja, akaiinua dirishani.

"Dada, tazama ilivyong'aa!"

Chupa ikapasuka mkononi mwake.

Nilimfunga mkono kwa taulo safi, nikaukandamiza, tukamkimbiza hospitali. Daktari alisema kano mbili za vidole zimekatika. Alizishona. Hata hivyo, kidole gumba na cha shahada havikunjiki tena vizuri. Mwambie msusi asuke bila vidole hivyo!

Saluni ilifunguliwa mwezi mmoja baadaye, bila sherehe.

Jirani yetu ni mzee aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha bia. Tunamwita Mzee Pipa, ingawa ni mwembamba kama mpini wa jembe. Siku ile ya ajali alikuja, akafunika kreti kwa blanketi zito.

"Msiziguse kwa mikono mitupu," alisema. "Nani alijaza chupa hizi?"

"Mimi," nilisema.

"Bia changa bado ina sukari. Hamira inaila na kutoa hewa. Ndani ya ndoo hewa inapata pa kutokea. Ndani ya chupa itatokea wapi? Nanyi mmeongeza sukari nyingine juu yake!"

"Lakini nilionja, mzee."

"Ulimi haupimi, mwanangu. Umesikia?"

Alinionyesha kipimo chake, kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya bia.

"Soma namba leo. Soma tena baada ya siku tatu. Ikiwa imeshuka, hamira bado inakula. Iache. Ikiwa ni ileile, na bia imetimiza wiki zake, jaza."

"Na nikiwa na ndoo nyingi?"

"Tarehe iandike ubavuni mwa ndoo, kwa rangi isiyofutika. Kifuniko kinahama! Fungua ndoo moja, ijaze yote, ondoa chupa zake. Ndipo ufungue nyingine. Sukari ipime kwenye mizani, uikoroge mara moja kwa ndoo nzima. Tumia chupa nene za bia, na juu acha nafasi ya vidole viwili. Na ukiwa na shaka na ndoo moja, iache. Hata kama wageni wako mlangoni."

Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Vifuniko aliviosha yeye, lakini chupa nilizijaza mimi.

Sasa nafanya hivyo. Mwezi uliopita nilijaza ndoo nne kwa siku moja. Ya tano namba yake ilikuwa bado inashuka, nikaiacha. Hakuna chupa iliyopasuka, na wateja wanaisifu bia yangu.

Nilimpelekea mdogo wangu chupa mbili. Alikuwa amekaa kwenye kiti, akimwelekeza msichana aliyemwajiri kusuka.

"Ni salama," nilimwambia. "Nimeipima mara mbili."

"Weka pale chini, dada."

Niliziweka. Alizitazama.

"Huko kupima," aliniuliza, "kunachukua siku ngapi?"

"Tatu."

"Siku tatu tu," alisema, akageuka kumwangalia msichana wake.