Wote Wawili Tuliitwa Kengele

"Ndoa hii haipo! Hawa ni ndugu!"

Shangazi wa mchumba wangu ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama katikati ya sebule yetu, kikombe cha chai mkononi, wazee wa pande zote mbili wakimtazama.

Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya biskuti.

Niliendelea kuishika.

Watu husimulia kwamba dunia ilizunguka, moyo ukapasuka, miguu ikaisha nguvu... Mimi sikupata hata kimoja. Niliona biskuti moja imevunjika, nikaigeuza ili upande wake mzima uwatazame wageni.

"Ndugu kivipi?" Baba aliuliza.

"Unauliza kivipi, mzee mwenzangu? Nyinyi mnaitwa nani? Kengele. Na sisi? Kengele. Hilo ni jina la ukoo. La u-ko-o! Tangu lini ukoo mmoja ukaoana?"

"Majina hufanana, mama."

"Hufanana?" Shangazi akageuka, akanyoosha kidole ukutani. "Basi msinisikilize mimi. Msomeni bibi harusi mwenyewe!"

Vichwa vyote vikageuka.

Ukutani kulikuwa na picha nilizozitundika kwa mikono yangu. Juu yake, kwa herufi kubwa nilizokata kwenye karatasi ya rangi ya dhahabu, nilikuwa nimebandika:

MASHUHURI WA UKOO WETU.

Nilimtazama mchumba wangu.

Alikuwa anatazama viatu vyake.

*

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, ndugu wasomaji. Na nikiwaita ndugu msiogope, hakuna atakayewaitishia kikao.

Tulikutana kwa daktari wa meno. Mlango ulifunguliwa, muuguzi akaita:

"Kengele!"

Tukasimama wawili.

Tukatazamana. Yeye shavu la kulia limevimba, mimi la kushoto. Tulikuwa kama mtu mmoja na kioo chake.

"Ingia wewe, dada," akasema. "Jino langu lina subira."

Nilipotoka, mdomo umekufa ganzi, nilimkuta anacheka.

Yeye ni fundi wa lifti. Akiulizwa anafanya kazi gani hujibu, "Mimi hupandisha watu vyeo." Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya historia, nyumbani bila kazi. Akanipa jina la Profesa. Nami nikamwita Fundi. Ikawa hivyo.

Na kwa kuwa sikuwa na kazi, nikajipa moja. Nilianza kutafuta watu mashuhuri wa zamani walioitwa Kengele.

Jamani, walikuwepo!

Kulikuwa na jenerali aliyeamriwa kuchoma mji, akawasha kiko chake badala yake. Kulikuwa na mwanamke wa hesabu aliyeandika kwa chaki kwenye milango ya majirani kwa sababu kwake ubao haukutosha. Kulikuwa na bondia aliyepigwa karibu kila pambano, lakini kila mara yeye ndiye aliyemsindikiza mshindi nyumbani. Mkunga. Mwimbaji. Hata mwizi wa benki!

"Huyo mwizi usimtoe," Fundi alisema. "Familia isiyo na mwizi haijakamilika."

Tulicheka mpaka mama akagonga ukuta.

Nilichora picha ya kila mmoja, nikaandika chini yake mstari mmoja wa maisha yake. Nilitaka wageni wa harusi yetu waingie ukumbini wapite mbele ya hawa watu wote, kisha mwisho wa safu watukute sisi. Ndiyo, najua. Lakini niliamini. Niliamini kwamba jina ni kama njia, na kwamba waliotutangulia walikuwa wameacha taa.

Ni mmoja tu ambaye Fundi alimkataa.

Alikuwa nahodha. Meli yake ilipoanza kuzama, alishuka wa kwanza kwenye mashua ndogo. Na kwa kuwa aliona haya kuwatazama abiria machoni, alimtuma mpishi akawaambie kwamba meli inazama.

"Huyu mtoe, Profesa."

"Mwizi abaki, nahodha atoke?"

"Mwizi ana ucheshi. Huyu anatuaibisha tu."

Nikamtoa. Nikamweka chini ya kitanda, uso umeelekea sakafuni.

*

Turudi kwenye kikao.

Wazee wa upande wao walishauriana kwa macho. Mmoja akasema jambo hili linahitaji muda. Mwingine akasema damu si maji. Wakaaga. Fundi aliondoka nao akiwa nyuma ya wote, na mlangoni alinigusa bega kama mtu anayempa pole mfiwa asiyemfahamu vizuri.

Sikulia. Niliosha vikombe. Cha shangazi kilikuwa bado kimejaa.

Baba alinifuata jikoni. Baba ni fundi wa baiskeli, akiwaza hufuta mikono hata kama ni misafi.

"Mwanangu, nani alikwambia sisi ni ukoo wa Kengele?"

"Si ndiyo jina letu la ukoo, Baba?"

"Wanaliita hivyo kwenye karatasi. Lakini babu yako alikuwa anapiga kengele ya shule, basi. Alipokwenda kujiandikisha, karani akamuuliza, 'Wewe ni wa nani?' Naye alidhani anaulizwa kazi. Akajibu, 'Mimi ni wa kengele.' Karani akaandika."

"Basi tu?"

"Basi tu. Ukoo gani? Hilo jina lina umri wa babu yako tu. Yule jenerali wako hata salamu hatudai kwake."

Kwa mara ya kwanza siku ile nilihisi kitu. Kidogo sana, kama jino ganzi inapoanza kuliachia.

Hatukuwa ndugu! Kosa lilikuwa neno langu tu. Nilisoma "jina la ukoo" kama kila mtu anavyosema, nikabandika ukoo ukutani bila kufikiri. Kama neno limeivunja ndoa? Basi neno litaijenga.

Baba akawapigia simu wazee wa upande wao. Kikao cha pili kikapangwa.

Mimi sikuweza kusubiri. Nilikwenda saluni kwa shangazi yake Fundi.

*

Alikuwa anamsuka mteja. Aliponiona, mikono yake ilisimama hewani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nilikaa chini ya kile kikausha nywele, kikiwa kimezimwa. Nilisubiri mteja aondoke. Kisha nikamweleza yote: babu, shule, karani.

Nilitegemea abishe. Alitabasamu kwa huzuni.

"Na wewe unataka kujua sisi tulilipata wapi?"

"Ndiyo, shangazi. Nikijua, tutawaonyesha wazee na mambo yataisha."

"Babu yetu alikuwa mropokaji. Huwezi kumwambia siri asubuhi ukaikuta nzima mchana. Watu wakamwita Kengele. Ni tusi, mwanangu! Tumelivaa tusi hadi likawa jina."

Nilicheka. Nilicheka kweli.

Halafu nikaacha.

"Shangazi... kwa hiyo ulijua?"

Aliinama, akaokota pini sakafuni.

"Ulijua hata siku ile kwamba sisi si ndugu?"

Alichukua kitana, akaanza kukitoa nywele, moja moja.

"Nilitumwa," akasema.

"Na nani?"

"Mwanangu, usinilazimishe..."

"Na nani, shangazi?"

"Na yeye."

Kile kikausha nywele kilikuwa na kibandiko cha onyo pembeni. Nilikisoma chote. Usitumie ukiwa na mikono yenye maji.

"Ana mtu mwingine?"

"Angekuwa na mtu mwingine ningemchapa kwa kitana hiki hiki! Hana mtu. Ameogopa tu."

"Ameogopa nini?"

"Mwenyewe hajui. Alikuja hapa, akakaa hapo hapo ulipokaa. Akaniambia, 'Shangazi, yule binti ni mwema mno, siwezi kumtamkia. Heri aachwe na ukoo kuliko kuachwa na mimi.' Akasema wewe mwenyewe umeandika ukutani, hivyo haitakuwa vigumu."

"Yeye ndiye aliyekuonyesha yale maandishi?"

"Ndiye."

Nilisimama. Nilimshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, kinywa kilikuwa kinajiendea chenyewe.

"Nisamehe, binti. Nimemlea yule, nilishindwa kumnyima."

"Hamna neno, shangazi. Nywele zako zimependeza."

Njiani nilikuwa nikimfikiria yule mpishi wa melini. Katika maandiko yote niliyosoma, hakuna aliyewahi kuandika jinsi alivyojisikia.

*

Kikao cha pili kilikuwa na furaha. Hilo ndilo lililokuwa gumu.

Baba alieleza habari ya babu na karani, wazee wakacheka hadi wengine wakashika mbavu. Mzee mmoja wa upande wao akakiri kwamba babu yao alikuwa mropokaji, na kwamba wajukuu hawajapona.

"Basi hakuna undugu!" akatangaza. "Ndoa iendelee!"

Mama akapiga vigelegele. Mtu akanipa sahani ya biskuti niigawe, kana kwamba tumeanza upya pale tulipoachia.

Shangazi alikuwa amejibanza kwenye kona.

Na Fundi...

Fundi alitabasamu kama mtu aliyenaswa ndani ya lifti, anayewaambia walio nje kwamba hana shida.

Wasomaji wangu, ningeweza kunyamaza. Nawaambieni ukweli, nilitamani. Ningenyamaza, ningeolewa. Ningempenda kwa ajili yetu sote wawili. Nina moyo wa namna hiyo, unaojiona unatosha watu wawili.

Nikaweka sahani mezani.

"Fundi."

"Naam, Profesa."

"Wazee wamesema yao. Shangazi alisema yake. Wewe bado hujasema kitu, tangu siku ya kwanza."

Vigelegele vikakatika.

"Nakuuliza mbele ya wote, na utakalojibu sitakuchukia. Mimi ni mchumba wako, au ni dada yako?"

"Mwanangu, swali gani hilo?" Mama akashtuka. "Si wamesema hamna undugu?"

"Mwache ajibu, Mama."

Alinitazama. Nadhani hapo ndipo alipojua kwamba najua. Macho yake yakamtafuta shangazi pale konani.

"Usinitazame mimi," shangazi akasema. "Leo sema mwenyewe."

Nilijikuta namwombea. Namwombea aseme neno lolote, ilimradi litoke kwake.

"Dada," akasema.

Kwa sauti ndogo sana.

Baba alianza kufuta mikono yake.

"Asante, kaka," nikasema.

Kisha nikachukua sahani, nikagawa biskuti. Mlitaka nifanye nini? Wageni walikuwa bado wamekaa.

*

Walipoondoka, nilipanda kiti, nikaanza kubandua yale maandishi. Sikuyatupa. Nilitoa UKOO, nikakata herufi nyingine, nikabandika JINA. Halafu nikaona bado haisomeki. MASHUHURI WA JINA WETU? Ilibidi nitoe na ile W ya WETU, niweke L.

Neno moja likibadilika, la jirani nalo hubadilika. Sikuwahi kuliwaza hilo kabla ya siku ile.

Kisha nikaingia chumbani, nikainama, nikamtoa nahodha chini ya kitanda. Nikampangusa vumbi. Nikamtundika kati ya bondia na mwizi, mahali pake.

Baba alikuja akasimama nyuma yangu.

"Huyu ni nani? Hakuwepo."

"Alikuwepo, Baba. Nilimtoa kwa sababu niliombwa."

Alisoma ule mstari chini ya picha, taratibu. Kisha akasema:

"Maskini mpishi."

Hapo ndipo nililia, ndugu zangu. Nilikuwa bado nimesimama juu ya kiti, na Baba alinishika miguu nisianguke.

Ninachowaomba ni kidogo. Ukitaka kumwacha mtu, mwache kwa mdomo wako. Usimtafutie ukoo, wala dini, wala nyota, wala shangazi. Neno litamuuma, lakini atajua limetoka wapi. Na wewe unayeachwa, usiogope kuuliza. Mimi niliuliza, nikapata neno moja, na lilikuwa la kwanza la kweli alilonipa tangu kikao kianze.

Wiki hii jino la upande wa pili limeanza kuuma. Nimerudi kwa yule daktari. Muuguzi akafungua mlango, akaita:

"Kengele!"

Nilitazama huku na huku. Hakuna mwingine aliyesimama.

Nikasimama mimi.