Bwana Pua Hajipaki Rangi Mafichoni

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, Redio alianika soksi za baba yake uani. Hazikuwa soksi za kawaida. Moja ilikuwa nyekundu, ya pili ya manjano yenye madoa, na zote zilimfika baba mapajani. Akimaliza kuanika, alipiga pasi suruali pana kama pazia, kisha akakifuta kibweta cha rangi za uso mpaka kikang'aa.

Baba yake alikuwa mchekeshaji wa watoto. Mtaa mzima ulimwita Bwana Pua, kwa sababu ya pua yake nyekundu ya sponji ambayo mama, fundi cherehani, aliishona upya kila ilipochanika. Binti mwenyewe aliitwa Redio tangu darasa la kwanza. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na mwalimu wake alikuwa bado anatafuta kitufe cha kumzimia.

Bwana Pua alikuwa na desturi yake. Hakuwahi kufika kwenye sherehe akiwa amekwisha kupaka rangi. Alikuja na uso wake wa kila siku, akakaa kwenye kigoda katikati ya watoto, akawaambia jina lake la kweli, ndipo akaanza kujipaka huku Redio amemshikia kioo. Watoto ndio waliochagua rangi ya mashavu. Na kama mchezo ulihitaji mtoto mmoja wa kumsaidia, ulifanyika palepale, wazazi wakiangalia.

"Mtoto akiniona kabla ya rangi, atanijua hata baada ya rangi," alipenda kusema.

Wiki hiyo, hata hivyo, Bwana Pua hakuwa akisema lolote. Mafindofindo yalikuwa yamemkaba mpaka sauti ikakauka kabisa, na daktari alimkataza kutamka neno mpaka apone. Mtu mwingine angenuna. Yeye aligeuza ugonjwa kuwa mchezo. Akitaka chai, aliigiza birika: mkono mmoja kiunoni, mwingine umekunjwa kama mdomo wa birika. Mama alicheka hadi akachelewa kwenda kibandani kwake kushona.

Simu zote zikawa za Redio. Aliagizwa kusema jambo moja tu: Bwana Pua anaumwa, mtuwie radhi, tutawapigia akipona. Redio alisema hivyo kwa utii, lakini kila sherehe iliyoahirishwa ilimuuma yeye kuliko koo lilivyomuuma baba yake. Aliona wateja wakipotea hivihivi, na wakati mtu wa kuwashika alikuwapo.

Mtu huyo alijiita Anko Kicheko. Alikuwa amepita nyumbani kwao siku chache kabla koo la baba halijafunga, mkoba begani, maneno matamu mdomoni.

"Bwana Pua, nasikia kazi zimekuelemea," alisema. "Hizo za ziada nipe mimi."

"Karibu sana," baba alimjibu. "Niletee kitambulisho chako, barua ya polisi ya tabia njema, na namba za watu wawili uliowachezea watoto wao. Nikishazungumza nao, tutafanya kazi."

Mgeni akacheka. "Kaka, mimi nachekesha watoto, silindi benki. Hata chekechea ya karibu na soko nimewahi kucheza."

"Benki wana pesa tu," baba akasema. "Hapa ni watoto wa watu. Barua ilete."

Baba alipoingia ndani kumletea maji, Anko Kicheko alitoa mkobani barakoa ya mpira yenye tabasamu la kutoka sikio hadi sikio, akaivaa, akamchekesha Redio. Kisha akampa namba yake. "Mzee wako mkali," alinong'ona. "Ukisikia kazi, nishtue mimi." Redio alimwona mtu wa watu. Moyoni alidhani baba anamwonea wivu tu, kwa kuwa mwenzake ni kijana na barakoa yake ni mpya. Barua haikuletwa, na baba akaugua kabla hajaulizia popote.

Sasa, Jumamosi hiyo, simu ikalia. Alikuwa Mama Pacha, wa mtaa wa pili. Wanawe walikuwa wanatimiza miaka saba siku hiyohiyo.

"Anaumwa? Jamani," alisema Mama Pacha. "Wanangu wamemsubiri mwezi mzima. Hana hata mwenzake?"

Ulimi hauna mfupa. "Yupo," Redio akasema. "Anko Kicheko. Baba anamjua vizuri. Baba ndiye anayemtuma."

"Kama Bwana Pua ndiye anayemtuma, mimi sina neno. Aje saa nane."

Redio alimpigia Anko Kicheko akiwa na furaha ya mtu aliyeokoa jahazi. Lakini maswali ya Anko Kicheko hayakuwa yale aliyozoea kumsikia baba akiuliza. Hakuuliza watoto wanapenda nini, wala kama kuna anayeogopa kelele za puto likipasuka.

"Kuna chumba cha pembeni chenye mlango?" aliuliza. "Nina mchezo wa siri. Naufanya na mtoto mmoja tu, peke yetu. Na wewe usimwambie baba yako kwamba nakwenda. Tutamshangaza."

Redio akasema sawa, akakata simu. Alirudi kwenye soksi zake. Alianika, akaanua, akaanika tena. Baba angesema nini kuhusu mlango uliofungwa? Alijua kabisa angesema nini. Saa nane ilipogonga, alikuwa bado ameshika soksi ileile ya manjano.

Alijua atagombezwa. Alijua pia kwamba akinyamaza hatagombezwa, angalau si leo. Akapiga moyo konde, akaingia chumbani.

"Baba, nimefanya kosa," alisema, na akaeleza yote, tangu uongo wa asubuhi hadi mlango wa Anko Kicheko.

Bwana Pua alikuwa anakunywa uji. Alikiweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza wiki ile hakuigiza kitu chochote. Uso wake ulikuwa uso tu, na Redio akaogopa kuliko kama angepigiwa kelele. Baba akanyoosha kidole kwenye simu.

Redio akampigia Mama Pacha. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita tu. Bila shaka muziki ulikuwa umeifunika. Baba akachukua simu, akatafuta namba ya mwalimu mkuu wa chekechea ya karibu na soko, akamrudishia. Sauti ya baba haikuwapo. Ilibidi Redio awe sauti yake.

"Huyo mwenye barakoa?" mwalimu mkuu akauliza, na sauti yake ikabadilika. "Alikuja hapa mara moja. Tulimkuta anamvuta mtoto kwenda naye stoo, amemwambia asituambie. Tulimfukuza na tukaenda polisi, ila jina alilotupa lilikuwa la uongo. Binti, yuko wapi sasa?"

Redio alijibu huku anakimbia. Baba alikuwa mbele yake, fulana ya kulalia mwilini, malapa miguuni, na mkoba wake wa kazi mkononi kwa mazoea. Watu waliowaona wakipita walicheka wakidhani ni mchezo mpya. Redio hakuona cha kuchekesha. Aliomba moyoni, neno moja hilohilo, asiwe amefunga mlango, asiwe amefunga mlango.

Nyumbani kwa Mama Pacha geti lilikuwa wazi. Muziki ulikuwa umezimwa. Watoto wote walikuwa wamekaa kwenye mkeka uani, na Redio akawatazama haraka mmoja mmoja akiwatafuta pacha. Walikuwapo wote wawili, mmoja akila karanga, mwingine amenuna. Redio akashusha pumzi ambayo aliona kama ameibeba tangu asubuhi.

Barazani, Anko Kicheko alikuwa amesimama na barakoa yake usoni, na mbele yake alikuwa Mama Pacha, mwiko mkononi, ameziba njia ya kwenda kwa watoto.

"Mama, mimi nimetumwa na Bwana Pua," Anko Kicheko alikuwa akisema. "Muulize mwenyewe."

"Nitamuuliza sasa hivi," Mama Pacha akajibu, maana alikuwa amekwisha kumwona getini.

Bwana Pua akatikisa kichwa polepole, upande hadi upande. Kisha akasimama katikati ya geti, miguu ameipanua, mikono ameitanua. Alikuwa mtu mwembamba mwenye malapa, lakini hakuna aliyepita. Fundi baiskeli wa jirani, aliyekuwa akichungulia, akaja kusimama kando yake bila kuulizwa. Redio akamweleza Mama Pacha maneno ya mwalimu mkuu, na Mama Pacha akapiga simu kituo cha polisi hapohapo, mwiko ukiwa bado mkononi.

Polisi walipofika, walimwamuru Anko Kicheko avue barakoa. Watoto wakanyoosha shingo waone. Ulikuwa uso wa kawaida tu, wa mtu yeyote unayepishana naye sokoni. Akaondoka nao, na geti likafungwa.

"Aliniita chumbani," akasema pacha aliyenuna, ambaye alikuwa mdogo kwa dakika chache na mkubwa kwa maneno. "Nikamwambia, Bwana Pua hujipaka rangi tukimwona. Wewe hatujakuona uso. Vua kwanza."

"Na yeye akasemaje?" Redio akauliza.

"Akasema ni siri yetu. Nikamwita mama kwa nguvu, nikamwambia, mama, huyu anasema ni siri."

"Nilitoka jikoni mbio," Mama Pacha akasema. "Wali umeungua. Na uungue."

Hapo Redio akaanza kulia. Hakulia kwa huzuni. Ilikuwa ni nafuu. Mtoto hakuguswa, mlango haukufungwa. Lakini palikuwa na jambo ambalo lisingefutika kwa machozi, akalisema. "Mama, baba hakumtuma. Mimi ndiye niliyedanganya. Nisamehe."

Mama Pacha akaweka mwiko chini. "Umekosa sana," alisema. "Ila umesema mapema, na umekuja mwenyewe. Na mimi nimekosa. Nilisikia jina tu nikaridhika." Kisha akamgeukia Bwana Pua. "Tena na wewe, baba wa watu, miaka yote hii unakuja hapa sijawahi kukuomba barua ya polisi. Leo naiomba."

Redio akainua kichwa. "Lakini huyu ni Bwana Pua," alisema, na masikio yakamwaka moto kwa aibu. Kumwuliza baba yake, kama mwizi?

Bwana Pua hakuona aibu yoyote. Uso wake ulichanua. Akafungua mkoba, akatoa barua iliyofungwa kwenye nailoni, akapiga goti na kumpa Mama Pacha kwa mikono miwili, kama mchumba anayetoa ua. Watoto wakaangua kicheko. Mama Pacha hakucheka mpaka alipoisoma barua yote, juu hadi chini, na tarehe yake. "Haya," akasema. "Sasa unaweza kukaa."

Bwana Pua akakaa kwenye kigoda katikati ya mkeka. Redio akamshikia kioo. Watoto wakachagua shavu moja la kijani na moja la zambarau, ubishi ukiwa mkubwa. Alicheza mchana ule wote bila kutoa sauti, akawa birika, akawa mbu, akawa Mama Pacha na mwiko wake. Fundi baiskeli alicheka mpaka akasahau kwamba ameacha tairi la mteja majini.

Siku zilizofuata Redio aliishi akisubiri kugombezwa. Sauti ya baba ilikuwa mkopo ambao siku moja ungedaiwa. Jioni moja, akiwa anamenya viazi pamoja na mama, akasikia mtu anakohoa mlangoni.

"Redio," baba akasema, sauti bado ina mikwaruzo. "Njoo nikwambie."

Redio akaenda, kichwa chini.

"Jina langu si mwavuli, mwanangu, umwazime kila anayenyeshewa. Mama Pacha alimfungulia geti yule mtu kwa sababu ya jina hilo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

"La pili. Kumwuliza mtu barua si kumwita mwizi. Mwenye nia njema atafurahi, maana anajua unawalinda watoto. Anayekasirika, mwache aende na hasira zake. Na siku yoyote mtu mzima akikwambia ufiche jambo wazazi wako wasijue, hata akiliita mchezo, hata akicheka namna gani, siku hiyo ndiyo uwe redio kweli. Mbele yangu, mbele ya mama yako, mbele ya mwalimu. Ukiogopa kugombezwa, sema hivyohivyo ukiogopa. Wewe ulisema. Kwa hilo nakushukuru."

Redio akaitikia kwa kichwa tu. Mama akacheka kutoka jikoni. "Mwache apumzike," alisema. "Ndiyo mara ya kwanza kituo hiki kuzimika."

Simu ikalia. Redio akapangusa macho kwa kiganja, akaipokea.

"Ndiyo, hapa ni kwa Bwana Pua. Amepona, asante. Kabla hatujapanga siku, una maswali gani ya kumuuliza?"

Mteja akasema hana swali lolote, alikuwa anataka mchekeshaji tu.

"Basi kaa vizuri, mama," Redio akasema, akivuta kiti. "Nitakufundisha ya kuuliza."