Kabla Mstari wa Kijani Haujajaa

Simu iliita mara moja, ikakatika. Ikaita tena.

"Fundi wa viyoyozi hapa," mwanaume alijibu.

"Kuna chumba kina joto," sauti ya mwanamke ilisema. "Kompyuta nyingi, hewa hakuna. Wametafuta fundi kwa simu. Simu yao tumeidaka, tumewapa namba yako."

"Ni wale?"

"Ni wale. Na shemeji yako yumo humo, kama bado yu hai."

Mwanaume alikuwa ameshika bisibisi. Vidole vyake vikaibana.

"Nakwenda, Shangazi."

"Ukishaingia kwenye gari lao tunaweza kukupoteza. Hao wanabadilisha magari kama soksi."

"Najua."

Akakata simu.

Kwenye idara ya usalama, ambako mkuu wake aliitwa Shangazi, yeye walimwita Kimya. Nyumbani aliitwa fundi tu. Mkewe aliamini kwamba kazi yake ni kupanda ngazi na kusafisha viyoyozi vya watu. Mama mkwe aliamini kwamba binti yake angeweza kupata mume wa maana zaidi. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa mtengenezaji wa picha za kompyuta, na alipenda kumtania mezani kwamba ni fundi pekee anayetengeneza kiyoyozi kutwa nzima na joto likabaki palepale.

Shemeji huyo alitoka Jumatatu kwenda kuonana na mteja mpya. Hakurudi. Tangu siku hiyo mkewe Kimya alikuwa akijifungia bafuni, anafungulia maji ili asisikike akilia.

Hiace nyeupe ilimchukua mchana kweupe mbele ya duka la vipuri. Mlango ulipofungwa tu, mfuko mweusi ukamshukia kichwani. Simu yake ya Samsung ikatupwa dirishani. Wakapinda, wakapinda tena, wakamhamishia gari jingine, kisha jingine. Nyuma yao, pikipiki ya Shangazi ilikuwa imeshapotea zamani.

Ngazi za kushuka. Mlango wa chuma. Mfuko ukaondolewa.

Ilikuwa ghala ya chini ya ardhi. Dirisha hakuna. Kompyuta zimepangwa kwenye rafu hadi darini, feni zake zikiunguruma kama mashine ya kusaga. Joto lilimpiga usoni kama amefungua tanuri.

Mezani, katikati ya rafu, shemeji yake alikuwa ameketi na fulana iliyolowa jasho.

Macho yao yakakutana. Mdomo wa shemeji ukafunguka.

Kimya akamuwahi. "Nani alifunga hiki kiyoyozi? Alikuwa amelewa?"

Shemeji akafunga mdomo.

Mlinzi aliyekaa kwenye kiti mlangoni alicheka kidogo. Jitu la mtu, kipara kinang'aa, bastola aina ya Glock mapajani. "Tengeneza."

"Nikimaliza naondoka?"

"Tengeneza kwanza."

Kimya akaelewa. Mlango ule ulikuwa wa kuingilia tu.

Akafungua mfuko wake wa kazi chini ya kiyoyozi, hatua chache kutoka kwa shemeji. Feni zilikuwa na kelele za kutosha kuficha mnong'ono.

"Wanataka nini?"

"Filamu," shemeji alinong'ona bila kugeuka. "Bwawa la juu ya mji linapasuka, maji yanashuka. Yote ya kutengeneza. Wataisambaza kwenye simu za watu leo jioni."

"Watu watakimbia."

"Wote kwa daraja moja. Watakanyagana. Polisi wa mpakani watakuja kuokoa watu, na malori yao ya dhahabu ya magendo yatapita bila kuguswa. Nimemsikia Mgeni akimweleza huyu kipara."

Mgeni. Kwa miezi Shangazi alikuwa akiichungulia simu ya mtu huyo, akijua hoteli anayolala, asijue watu wake wanafanyia kazi wapi.

Kwenye skrini kubwa mstari wa kijani ulikuwa ukitambaa kutoka kushoto kwenda kulia.

"Na huo?"

"Kompyuta inachora picha moja moja, maelfu, hadi zifanye filamu. Mimi naita kupika. Mstari ukijaa, kipande kimeiva. Vimebaki viwili."

"Kikiiva cha mwisho?"

"Sihitajiki tena."

"Na mimi?"

"Wewe hukuhitajika kuwa hai tangu ulipoona sura zao." Akamgeukia kidogo. "Shemeji, wewe ni nani hasa?"

"Mume wa dada yako. Mengine baadaye."

Kimya akamtazama Kipara kwa chini ya kwapa. Macho ya mlinzi yalikuwa kwenye mstari wa kijani. Mstari ukisogea, alitulia. Aliamini kwamba kazi ikiwa kwenye kompyuta, binadamu chumbani hawana wanalofanya.

"Huwa unafanya nini ikipika?"

"Nyumbani? Naosha vyombo. Nampigia mama. Naandaa kipande kinachofuata. Ukikaa kuukodolea macho mstari, unapoteza siku na mstari hauendi haraka." Akaitupia jicho skrini kubwa. "Lakini humu nimekuwa nakodoa macho tu. Naogopa, shemeji. Natazama mstari kama mtu anayetazama maji yanavyopanda chumbani."

Kimya alikaza nati moja polepole.

"Basi leo tuoshe vyombo."

Shemeji akamtazama kwa pembe ya jicho.

"Ile kompyuta ndogo pembeni," Kimya alisema, "nayo inapika?"

"Hapana. Ni ya kuandalia. Natengeneza kipande cha mwisho hapo: mji kabla maji hayajafika."

"Mgeni anaonaje kazi yako?"

"Kabla ya kupika kila kipande natoa picha moja ya majaribio. Inamfikia kwenye simu kwa mtandao wao wa kificho. Akiridhika, tunapika."

Kwenye simu.

Kimya hakutabasamu, lakini mkono wake ulisimama juu ya nati. Picha ikifika kwenye simu ya Mgeni, Shangazi ataiona. Hatajua imetoka wapi. Lakini picha yenyewe ingeweza kumwambia.

Tatizo lilikuwa moja. Hata yeye hakujua wako wapi.

Akasimama. "Bosi, huku ndani hakuna shida. Tatizo ni ile sehemu ya nje."

"Nje huendi."

"Basi mashine zitajizima zenyewe. Utamweleza mwenye nazo."

Kipara alifikiri. Kufikiri kulimchosha. Akamfunga shemeji pingu kwenye mguu wa meza, akamvika Kimya mfuko, akampandisha ngazi huku mdomo wa Glock ukimkaa mgongoni. Mfuko ulipotoka walikuwa kwenye uchochoro uliozungushiwa ukuta mrefu, na jua la mchana likamtoa machozi.

Alipiga magoti mbele ya mashine, akainua uso kana kwamba anafuata bomba kwa macho.

Juu ya ukuta: mnara wa maji wenye mistari myekundu na myeupe. Kushoto kwake, karibu kabisa, bomba la moshi la matofali lililomeguka ncha. Nyuma yake, waya za umeme mkubwa zikikata anga.

Ikamtosha.

Walipokuwa chini tena na pingu imefunguliwa, alifunga utepe kwenye bomba, kiyoyozi kikaanza kutoa ubaridi kidogo, naye akazungumza bila kusogeza midomo. Mnara. Mistari. Bomba la moshi, upande wa kushoto, ncha imemeguka kama jino. Waya nyuma. Shemeji alisikiliza huku vidole vikikimbia kwenye kibodi. Kwenye skrini ndogo mnara ukasimama. Bomba la moshi likaota.

"Lisogeze. Karibu zaidi. Hapo."

"Atajuaje kwamba ni ujumbe?"

"Chini ya mnara weka duka. Kibao kiandike 'Kwa Shangazi'."

Shemeji aliandika.

Kiti kililia mlangoni. Kipara alikuwa amesimama. Akaja, akainama juu ya bega la shemeji. Jasho lake likadondoka mezani.

"Hilo duka limetoka wapi?"

Bisibisi ilikuwa mkononi mwa Kimya, lakini Glock ilikuwa karibu zaidi na shingo ya shemeji.

"Mji usio na maduka nani atauamini?" shemeji alisema. Akaendelea kupaka rangi ukuta wa duka.

Kipara alikunja uso. "Shangazi yangu mimi alinidhulumu nyumba. Andika 'Kwa Mjomba'."

Shemeji akakisogeza kibao kidogo kwenye skrini.

"Naweza kuandika 'Mjomba na Shangazi'," shemeji alisema taratibu. "Mjomba anakuwa wa kwanza."

Mlinzi aliipima hoja hiyo kwa uzito wote. "Awe wa kwanza kweli."

Akarudi kwenye kiti.

Picha ikaenda. Baada ya muda simu ya Kipara ikaunguruma. Akasoma kwa sauti: "Safi. Pika."

Kipande kilichotangulia kilikuwa kimeshaiva, na mstari wa mwisho ukaanza kutambaa.

Sasa ndipo ghala ilipozidi kuwa ndogo. Hakukuwa na njia ya kujua kama Shangazi ameona. Labda alikuwa barabarani. Labda mtu alikuwa amekwenda kunywa maji wakati picha inapita. Kimya alihisi kuta zikimkalia mabegani. Akaukataza mwili wake usionyeshe.

"Ikipata joto, inapunguza mwendo?" alinong'ona.

"Sana."

Akafungua vali kidogo. Kiyoyozi kikaanza kupumua hewa vuguvugu. Mstari ukasinzia.

"Lala," alimwambia shemeji.

"Nilale?"

"Hujalala tangu Jumatatu. Utahitaji miguu."

Shemeji aliweka kichwa mezani. Alidhani hataweza. Aliweza. Kimya akatumia muda ule kuunganisha mpira kwenye mtungi wa gesi ya kiyoyozi aliokuja nao, kuujaribu kwenye kitambaa hadi kikaganda na kukakamaa, kisha akaulaza mtungi chini ya meza kama kifaa cha kawaida cha kazi.

Joto likapanda. Kipara akavua shati, akapiga simu, akasikiliza. Akamgeukia Kimya na kumwelekezea Glock.

"Anasema mstari ukiendelea kulala, nianze na wewe."

"Mwambie hewa imepatikana."

Kimya akafunga vali. Ubaridi ukarudi. Mstari ukaamka, ukakimbia kuliko alivyopenda. Robo imebaki. Kisha kipande kama ukucha.

Akamgusa shemeji begani.

Mstari ukajaa. Kompyuta ikalia mlio mdogo, wa furaha kabisa.

Kipara aliinuka, simu sikioni. "Imeiva. Nitume?"

Sauti ya Mgeni ilisikika hadi mezani. "Tuma. Kisha wanyamazishe."

Mlinzi akaja. Akamsukuma shemeji pembeni, akainama kutafuta pa kubonyeza, bastola mkono wa kulia, kidole cha kushoto kikielea juu ya kibodi.

"Hii hapa?"

"Hapana," Kimya alisema.

Kipara akageuka.

Gesi ilitoka kama nyoka mweupe, ikamtafuna mkono wa bastola. Akapiga yowe. Glock ikaanguka sakafuni. Mkono wa kushoto ukarushwa, ukamkuta Kimya tayani, dunia ikacheza. Shemeji akajitupa, hakumrukia mtu, alirukia waya wa mtandao ukutani na kuung'oa pamoja na plasta yake. Kimya akazama chini ya ngumi ya pili, akainuka na mtungi. Chuma kikakutana na kipara.

Jitu likaketi sakafuni taratibu, kisha likalala.

Wakabaki wanahema. Mlango wa chuma ulikuwa bado umefungwa. Ngazini, viatu vingi vilikuwa vikishuka.

Kimya akaiokota Glock, akamsukuma shemeji nyuma ya rafu, akalenga mlango.

Kitasa kikazunguka.

"Mjomba na Shangazi?" sauti ya mwanamke iliuliza nje. "Nani kaniwekea mjomba?"

Kimya akateremsha bastola.

Shangazi aliingia na vijana wake wenye silaha, miwani ikiwa imeteleza puani. "Minara ya mistari mji huu umejaa," alisema. "Wenye jirani mwenye jino bovu ni mmoja. Mgeni tumemtoa hotelini akiwa na taulo. Malori yamezuiwa."

"Filamu?"

"Haijatoka popote," shemeji alisema. Alikuwa bado ameushika waya. Akaenda kwenye swichi kubwa ukutani, akaitazama kazi yake kwenye skrini kwa muda mfupi, maji yakiwa yamesimama juu ya mji, kisha akazima. Feni zikafa moja moja hadi wakasikiana wakipumua.

Kule juu jua lilikuwa bado kali. Shemeji alisimama uchochoroni, akaazima simu, akampigia mama yake. Alipomaliza macho yake yalikuwa mekundu.

"Ripoti naitaka leo," Shangazi alimwambia Kimya. "Gari hili hapa, nitawafikisha."

"Ripoti kesho. Gari hatuhitaji."

"Mmepigwa. Ni mbali."

"Amekaa ndani sana," Kimya alisema, akatupia koti lake la kazi begani.

Akamshika shemeji mkono, wakatoka getini, wakashika barabara polepole kama watu waliotoka kununua sigara. Hakugeuka nyuma.