Lango la Mtu Mmoja

Clive Pugh alilifunga lango, akasikia komeo likigonga chuma, akakimbia hatua chache, kisha akasikia komeo likigonga tena nyuma yake.

Hakushtuka. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkia, mkimbiaji wa mwisho ambaye kazi yake ni kufunga malango ili kondoo wa watu wasitapakae, na alidhani kuna mwenzao amechelewa. Akageuka. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala kwenye uchochoro, na ndani yake alikuja mtu mrefu, nguo nyeupe-nyeupe, miguu peku, anakimbia bila kuhema.

"Za asubuhi!" Clive akasema, maana huku kwetu mashambani humpiti mtu njiani ukamnyamazia. Watasema umelelewa zizini.

"Njema, bwana," yule mtu akaitika.

Alipofika nje ya kanisa, yule mtu haonekani tena na wenzake wa mbio tayari wanamimina chai kutoka kwenye chupa, Clive akamfuata mkewe. "Rosi, umemwalika nani leo?"

"Sijamwalika mtu."

"Aliyekuwa nyuma yangu. Yuko peku kabisa, maskini."

"Nyuma yako?" Rosalind akacheka. "Baba, wewe ndiye mkia. Nyuma ya mkia kuna nini zaidi ya inzi?"

Kundi zima likaangua kicheko. Clive naye akacheka, ila alikuwa akikisugua kiganja cha mkono wa kulia, kilichokuwa baridi kama kimeshikwa na maiti.

Nawapenda watu hawa wa kijiji chetu cha Nether Wenlow, lakini kwenye mambo ya njia wana wazimu. Njia ikiwa imechorwa kwenye ramani kuwa ni ya umma, basi ni ya umma, hata kama haijakanyagwa tangu enzi za babu zao, na mkulima anayeiziba ni adui wa taifa. Rosalind, aliyekuwa akiwapangia wenzake njia za kukimbia, ndiye aliyekuwa mbishi kuliko wote. Jana yake, Jumamosi, alikwenda na plaizi kwenye uchochoro huohuo, ulio nyuma ya shamba la mzee Beddoes, akakata seng'enge iliyozungushiwa lango, akang'oa miiba iliyopandwa mbele yake. Viatu vya chuma vya farasi vilivyoning'inizwa kwenye waya kama hirizi alivitupa kwenye majani ya kuwasha. Alirudi nyumbani mikono imechanika na moyo mweupe.

Jumapili hiyo mchana walikula nyama ya kondoo na viazi vya kuoka. Clive alikuwa hajamaliza kipande cha kwanza meza ilipoanza kutikisika.

"Acha kuchezesha miguu, bwana. Mchuzi unamwagika."

"Sichezeshi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Rosi, siyo mimi. Tazama."

Rosalind akainua kitambaa cha meza. Visigino vya mumewe vilikuwa vinapiga sakafu, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kwa mwendo uleule wa mtu anayeshuka mlima, na soksi zilikuwa zimeloa damu. Akaishika miguu ile kwa mikono miwili na kuilalia kwa kifua. Goti likamrukia mdomoni likampasua. Hapo ndipo aliposikia harufu: jasho lililochacha, na manyoya mabichi yaliyoungua, kali kiasi cha kuziba koo.

Mlango ukagongwa kwa teke. Alikuwa mzee Wilf Beddoes, na mikononi alimbeba mbwa wake wa kuchungia, amekufa, nyayo zote nne zimesagika hadi mfupa.

"Nani kakata waya wangu?"

"Ni njia ya umma, mzee. Ipo kwenye ramani."

"Ramani!" Mzee akamlaza mbwa kizingitini. "Mwanangu wewe, mimi nakuuliza kitu kimoja tu. Kuna mtu kamsalimia?"

Rosalind akamtazama Clive. Clive alikuwa anatetemeka, mate yanamtoka.

"Mimi," akanong'ona. "Nilisema tu za asubuhi."

Mzee akavua kofia. Akaeleza harakaharaka, kwa sauti ya chini, akitazama nyuma yake. Walimwita Tarishi. Zamani alikuwa mtumishi wa bwana mkubwa wa bonde lile, kazi yake kukimbia mbele ya gari la farasi na kuwafungulia wakubwa malango. Siku moja komeo liligoma. Bwana akawachapa farasi badala ya kungoja, na Tarishi akapondwa hapohapo langoni, mkono wake bado umelishika komeo. Tangu hapo hana anachotaka ila mwenzake wa kukimbia naye, na akimshika hamwachi mpaka abaki mifupa.

"Huyu mbwa alimbwekea tu. Yule jini hakushiki usipomsalimia wala kumwitika," mzee akasema. "Akikupa neno zuri namna gani, nyamaza. Unanisikia, mama? Nyamaza."

Kiti kikaanguka. Clive alikuwa amesimama, mkono wa kulia umenyooka mbele yake kama wa mtoto anayevutwa sokoni, na alipita katikati yao, akamkanyaga mbwa, akapiga lango la bustani kwa kifua likavunjika, akatokomea.

Rosalind alimfuata mpaka ua wa kwanza, na akaona kwa macho yake mumewe anapitishwa katikati ya miiba badala ya kuiruka, shavu linafunguka, sikio linabaki limening'inia kwenye tawi, na bado miguu inakwenda. Hangeweza kumfikia kwa kumfuata. Lakini njia zile zote alizijua yeye, ndiye aliyezichora, na alijua kwamba anayetokea upande huo lazima auzunguke msitu, ashuke kijitoni, apande shamba la shayiri, kisha aingie uchochoroni kwa lango lilelile alilolikatia seng'enge. Akakata kati ya mashamba.

Alikimbia kama hajawahi kukimbia, akiruka mifereji, shayiri ikimchapa mapaja, na kutoka upande wa pili wa msitu alimsikia Clive akilia jina lake, mara karibu, mara mbali, na kila alipolia ulifuata mlio wa kitu kinachovunjika, uzio wa mbao au mfupa, hakuweza kujua, na kondoo walikuwa wakipiga kelele na kubwagana, na mmoja alitupwa hewani juu ya ua kwa sababu tu alikuwa amesimama njiani, akaanguka mbele yake tumbo wazi, na Rosalind akauruka mzoga ule bila kupunguza mwendo kwa sababu kama angepunguza angekaa chini na kupiga mayowe na Clive angekufa.

Alifika langoni kwanza. Siku hizi limewekwa lango lile la kuzungushwa ndani ya kizimba kidogo, ambalo hupitisha mtu mmoja mmoja. Akasimama kando, ameshika nguzo.

Wakaja. Clive hakuwa na viatu tena, na mfupa wa muundi ulikuwa umetokeza nje, mweupe. Aliyemshika mkono alikuwa na kifua kilichobonyea, alama ya gurudumu imepita katikati yake, na uso wenye subira wa mtumishi. Akanyoosha mkono wa kushoto kulishika komeo, amtangulize Clive uchochoroni, kule ambako hakuna wa kumrudisha.

Rosalind alikuwa na woga kiasi cha kujikojolea. Akaitoa sauti ile ile ambayo mama yake alimfundisha kuitumia kwenye kila mlango.

"Hapana, hapana. Tangulia wewe."

Tarishi akasimama. Kichwa kikageuka polepole.

"Mimi, mama?"

"Wewe. Tafadhali."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, akiwa hai wala akiwa maiti. Akautazama mkono wa Clive, akaitazama nafasi ya mtu mmoja, akauachia. Akapita taratibu, kifua mbele, akaingia kwenye ukungu uliokuwa haupo mahali pengine popote mchana ule. Rosalind akalivuta lango na kulilalia, na alipofika mzee Beddoes na trekta lake, seng'enge na viatu vya farasi, bado alikuwa amelikumbatia.

"Umemtoaje?" mzee akauliza, akikaza waya.

"Nimemwambia atangulie."

Mikono ya mzee ikatulia. "Waya huu ulimzuia mtumishi," akasema. "Sasa umempitisha kama bwana, na bwana hazuiwi na waya."

Clive alipona, kwa jinsi mtu anavyoweza kupona akikatwa mguu mmoja. Rosalind alimpenda zaidi, alimwogesha, alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi baa, na viatu vya kukimbia alivichoma moto. Majira ya baridi yalipita bila neno.

Siku moja ya masika alirudi kutoka dukani, mkate kwapani, maziwa mkono huu, magazeti mkono ule, akifikiria chakula cha mchana. Dirishani Clive alimpungia mkono. Lango jipya la bustani likafunguka lenyewe, taratibu, likabaki wazi likimngoja.

"Tangulia wewe, mama."

"Asante," Rosalind akasema, kama alivyolelewa, kabla hajakumbuka.

Harufu ikampiga. Kitu baridi kikaingia kwenye kiganja chake, maziwa yakaanguka, na kisigino chake cha kulia kikainuka chenyewe.